Taa za Kobe Zinaangalia Chini

Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe, hajambo shemeji, hawajambo wapwa zangu? Huku tupo. Wifi yako anakohoa kidogo, ila sauti ya kunisema mimi haijapungua hata chembe. Mwanao wa huku, huyu wangu wa pili, ameng'oka meno ya mbele na sasa akitaka kusema "shangazi" anapiga mluzi. Mama hajambo, anakusalimu.

Nakuandikia wala sikupigii, kwa sababu wewe kwenye simu ukikasirika unakata. Barua haikatwi. Hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Sasa tuje kwenye hizo balbu zako. Nilikuomba taa, ukaniletea radi. Nilikwambia gari ni Kobe, lile lile tulilosukuma siku ya harusi yako, taa zake za mbele zimefifia mpaka nikiwasha nalazimika kushuka kuhakikisha zimewaka. Wewe uko kwenye karakana ya mabasi, umezungukwa na vipuri kutoka asubuhi hadi jioni, nikajua nimefika kwa mwenyewe. Nikapokea kifurushi kwa kondakta, nikampelekea fundi wa gereji ya jirani, akafunga. Mwanga mweupe, wa buluu, kama wa chumba cha upasuaji. Tukapiga makofi.

Jioni ile ile nikaingia barabarani. Kila gari lililokuja mbele yangu lilinimulikia taa kali kwa hasira. Dereva mmoja alisimama kabisa, akashusha kioo, akaniuliza: "Mzee, umebeba uwanja wa mpira?" Na mimi ninayeendesha naona nini? Naona matawi ya miti. Naona madirisha ya watu, naona mpaka mama wa watu ghorofani anavyovuta pazia. Barabara sioni! Shimo sioni, ukingo sioni. Nimemkosa mwenye mkokoteni kwa upana wa kiganja. Na mimi ni kinyozi, kazi yangu ni kunyoa watu, siyo kuwagonga.

Nimezitoa na nakurudishia kwa kondakta yule yule. Niletee taa za kumulika barabara, siyo za kuita ndege zitue.

Kaka yako,
mwenye Kobe


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Salamu zimefika, na matusi nayo yamefika salama, hayakupondeka njiani. Sisi wazima. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunaonana na tumegundua hatuna la kuongea. Watoto wanakuita Mjomba Radi. Nimewasomea barua yako.

Umenikasirikia kwa kosa la Kobe. Balbu zile nilizitoa kwenye boksi kwa mikono yangu, nzima, kali, madereva wetu wanazigombania. Lakini nilipomwonyesha barua yako fundi umeme wetu, huyu tunayemwita Fyuzi kwa sababu huwa anakatika kabla ya kila mtu, alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeweka mafuta ya taa kwenye chai. Akasema taa ya zamani ile bakuli lake la ndani limetengenezwa kwa balbu ya zamani. Ukitia ya aina nyingine, mwanga unatoka kwa wingi ila haujui unakwenda wapi. Unatapakaa. Kwa hiyo nakubali robo ya lawama. Robo tatu ni zako, maana ulisema "yoyote ile ili mradi iwe kali".

Nimekutumia balbu za kawaida, za aina yake mwenyewe, ila mpya. Kabla hujazifunga, ule uso wa plastiki uliogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, usugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini, usuuze, urudie mpaka uone ndani. Kisha egesha mbele ya ukuta, mahali pa tambarare, uwashe, uniambie mwanga unapiga wapi.

Na jambo lingine. Wewe unafunga saluni giza likiingia, na kutoka hapo hadi kwako mtu angeweza kutambaa. Hizo safari za usiku kwenye barabara isiyo na taa ni za kwenda wapi?

Mama nikimpigia anasema "mzima" na kukata. Usiniulize tabia ya kukata simu nimeirithi wapi.

Mdogo wako,
bibi vipuri


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa, najua. Kulikuwa na msimu wa kufungua shule, kila kichwa cha mtoto mtaani kimepita mikononi mwangu. Wifi yako amepona kikohozi, mwanao ameota jino moja, limekaa upande. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Nimesugua. Nimemaliza dawa ya meno ya nyumba nzima, na wifi yako ameuliza mbele ya wageni kwa nini gari lina pumzi safi kuliko mwenye gari. Lakini lazima niseme ukweli, uso umetakata. Nikafunga balbu. Nikaegesha mbele ya ukuta wa stoo, nikawasha.

Mwanga mzuri, wa rangi ya asali, umekusanyika vizuri. Tatizo uko chini! Unapiga kwenye msingi, pale yanapoota majani. Barabarani ndiyo hivyo hivyo, Kobe anamulika vidole vyake mwenyewe. Namwona sisimizi vizuri sana. Ng'ombe simwoni mpaka nimfikie.

Fundi akaja na bisibisi yake, anacheka. Akasema, "Nyuma ya taa kuna skrubu, nazungusha mara moja tu, zinainuka, na soda utaninunulia ukipenda." Nikamwambia aondoe bisibisi yake. Akadhani natania, akainama. Nikamshika mkono. Tumenuniana mpaka leo, na kichwa chake amekipeleka kwa kinyozi mwingine, ambaye amemharibu, nashukuru.

Skrubu haiguswi. Wewe nitafutie balbu yenye nguvu zaidi, ya aina hiyo hiyo, tumalize.

Kuhusu safari zangu, mtu mzima ana safari zake.

Kaka yako


Tarehe 3 Mei

Kaka,

Salamu nitazitoa mwisho, kama zitabaki.

Niliposoma "mtu mzima ana safari zake" nilikaa chini kwenye boksi la vichujio vya mafuta. Nikasema tayari, kaka yangu ana nyumba ndogo. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia barua nyingine kabisa, ambayo una bahati haikufika. Nilimwonea huruma wifi, nikakumbuka mabaya yako yote tangu ulipokula keki yangu ukasema ni panya.

Kisha nikamweleza Fyuzi, siyo habari ya nyumba ndogo, habari ya skrubu. Nikamwambia, kaka yangu ana taa zinazoangalia chini, dawa yake ni kuzungusha skrubu tu, naye anakataa kama anaambiwa ang'olewe jino. Fyuzi akatafuna njiti yake. Akauliza: "Hilo gari zamani lilikuwa linabeba nini nyuma?"

"Kwa nini?"

"Taa haziinami zenyewe, dada. Gari likiwa na mzigo mzito nyuma, pua inainuka, taa zinapiga watu machoni. Mwenyewe anazishusha ili zikae sawa na mzigo. Sasa toa mzigo. Nyuma inapanda, pua inainama. Taa ziko pale pale zilipowekwa. Kilichoondoka ni mzigo."

Nikaketi tena kwenye lile boksi. Alidhani sijaelewa, akaanza kunionyesha kwa viganja.

Kaka, mimi nilikuwepo siku ile ulipozishusha. Springi za nyuma zimechoka, Mama anatoka kushona masokoni na giza, na madereva wa malori wanatutukana njia nzima kwa sababu ya taa. Ukasema tunazishusha leo leo. Ulilala kifudifudi mbele ya Kobe na bisibisi. Buti lilikuwa na cherehani ya Mama, kichwa na miguu yake ya chuma, na juu yake majora ya vitambaa. Mama mwenyewe amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, hataki kushuka kwa sababu amechoka, na anakuamrisha kupitia dirishani: "Shusha. Shusha tena. Hapo! Mbona unanisumbua, mtu mzima kama wewe, hapo!"

Zile taa zilipimwa kwa Mama.

Nimekaa na barua zako mbili. Mama hajambo, anakusalimu. Mama hajambo, anakusalimu sana. Kaka, nakuuliza kwa adabu zote ulizonifundisha na zile ulizoshindwa: Mama yuko wapi?

Wako


Tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Hilo halikuwa uongo.

Yuko kwa Mama Mdogo, kwenye kile chumba cha uani chenye dirisha la nyavu. Yuko huko tangu kabla sijakuomba balbu. Usinipigie kelele kabla hujanisikiliza.

Ilianzia saluni. Mteja wangu, mwalimu mstaafu, nimemtia wembe shingoni, akaniambia: "Wewe una saluni yenye vioo ukuta mzima, mama yako bado anafukuzana na masoko kama binti?" Wote waliokuwa kwenye benchi wakasema mmh. Wembe ulikuwa mkononi mwangu na bado mimi ndiye niliyehisi kuchanjwa. Nikarudi nyumbani, Mama amelala, nikafungua buti, nikaitoa cherehani nikaipeleka saluni. Nia yangu apumzike! Nikaiweka pembeni, nikaitandika taulo, nikapanga juu yake mashine zangu za kunyolea na chupa ya spiriti. Nikajisifu kwamba pamependeza.

Aliingia mchana, benchi limejaa, nina mtu niliyemnyoa upande mmoja. Hakusalimia. Akaondoa chupa, akaondoa mashine moja moja, akavuta taulo, akalikunja, unajua anavyokunja, akaniwekea begani. Akasema, "Kumbe nimeshakufa, na urithi umeshagawiwa." Nje alikuwa na kijana wa mkokoteni anasubiri. Wakapakia cherehani, akaifuata kwa miguu. Yule niliyemnyoa upande mmoja akaniuliza kama tunaendelea.

Kila wiki nikifunga saluni naenda huko. Ile barabara unaijua, haina taa hata moja. Nabeba matunda. Mama Mdogo ananiletea maji ya kunywa uani, ananiambia kwa upole, "Dada amelala, mwanangu." Amelala, na cherehani inalia chumbani trrr, trrr! Nakunywa maji, narudi.

Yule mwenye mkokoteni niliyekuandikia nimemkosa kidogo, habari yake nilikuficha nusu. Mkokoteni ulikuwa na cherehani. Ubavuni mwake alikuwa anatembea Mama, ametoka sokoni. Balbu zako zilimulika miti yote ya wilaya, mama yangu hazikumwona. Nilikanyaga breki, Kobe akayumba. Mama akageuka, akakinga uso kwa mkono, akasema, "Zima taa zako, unaniumiza macho." Akaendelea na safari yake. Hakuuliza ni nani. Sijui kama alijua.

Sasa unaelewa kwa nini nataka kuona barabara. Na najua skrubu ikizungushwa nitaona. Nitaona vizuri sana, Kobe akiwa mtupu, bila Mama, moja kwa moja, maisha yote. Siizungushi!

Umeshamaliza kunihukumu? Basi nenda kwenye mkoba wako wa kumbukumbu utafute barua uliyotuandikia mwaka jana, ile ya kurasa nne. Ni nani aliyeandika, "Kaka, ni aibu, watu watasema sisi watoto wake tuko wapi, mwambie Mama aache hizo cherehani"? Niliisoma kwa sauti sebuleni, Mama akiwepo, anapiga pasi. Mimi nilibeba cherehani. Maneno uliyabeba wewe.

Kaka yako


Tarehe 20 Juni

Kaka,

Sisi wazima. Nyie naona nusu nusu.

Nimekasirika mpaka nimekosea kutoa vipuri siku nzima. Basi moja limeondoka na wipa za basi lingine. Nimemkasirikia mwalimu mstaafu, na benchi lako lote la mmh. Mama alitusomesha kwa ile cherehani, akatuvalisha kwayo, akanunua hilo Kobe kwa mapindo ya suruali za watu, halafu wewe unaigeuza meza ya spiriti! Na taulo juu! Ungekuwa hapa ningekunyoa mwenyewe.

Kuhusu hiyo barua ya mwaka jana, nitajibu siku nyingine. Karatasi inaniishia.

Sasa sikiliza. Acha kwenda jioni na matunda. Mtu anayekuja jioni na matunda ni mgeni, na mgeni anapewa maji anaaga. Mama hana haja ya mgeni, ana haja ya usafiri. Siku ya soko funga saluni. Ndiyo, funga, hata benchi likilia. Fika kwa Mama Mdogo kabla mwenye mkokoteni hajafika. Geuza Kobe, buti lielekee mlango wa chumba chake. Fungua buti. Kaa kwenye usukani. Usishuke, usimwite, usiombe radhi, maana wewe ukiomba radhi huwa unaishia kujitetea. Funga mdomo tu.

Asipopanda, rudi wiki inayofuata.

Balbu yenye nguvu zaidi sikutumii. Nimetuma mkanda mpya wa cherehani, ule wa ngozi, wa kwake lazima umelegea. Uweke ndani ya buti mahali atakapouona. Usimwambie umetoka kwangu.

Wako


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Karatasi imepatikana? Huku wifi yako amenuna kidogo kwa sababu ya siku ninazofunga saluni, mwanao meno yametimia, sasa anatamka kila kitu, mpaka tusichotaka. Fundi amerudi kwangu na kichwa chake. Hatujazungumzia bisibisi.

Nimefanya ulivyosema, na nataka ujue nilivyoteseka. Wiki ya kwanza Mama alitoka, akalitazama buti kama mtu anayetazama mdomo wa mlevi, akapakia mkokoteni wake. Nikawafuata nyuma polepole mpaka sokoni. Kijana wa mkokoteni akawa anageuka kila mara, anadhani nataka kumkamata. Wiki ya pili Mama alichukua mkanda wa cherehani. Mkanda tu! Akaunusa, akaukunja akautia kwenye mkoba, akaondoka na mkokoteni. Nilipiga usukani mpaka honi ikalia, Mama Mdogo akatoka na ufagio.

Nikaendelea kwenda. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishasahau hasira ni ya nini.

Wiki iliyopita nimekaa kwenye usukani, macho mbele, nikasikia Kobe anashuka nyuma. Akashuka zaidi. Nikamsikia Mama anamwambia yule kijana, "Miguu ya cherehani itangulie, kichwa juu. Wewe leo kapumzike." Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa. Hakunisalimia, na mimi sikugeuka. Tulipofika njia panda akasema, "Unaendesha kama unabeba mayai." Nikaongeza mwendo. Akasema, "Sasa unakimbilia wapi?"

Soko likaisha, giza likaingia, tukapakia. Nikawasha taa. Mdogo wangu, ungekuwepo! Mwanga umetulia barabarani, mrefu, umepiga mbali kule kwenye kalavati. Shimo naliona kabla halijaniona. Ukingo ule pale, nyasi moja moja. Lori likaja mbele yetu, likapita kimya, halikututukana.

Mama akasema kutoka nyuma, "Taa nzuri hizi. Mpya?"

"Za zamani, Mama."

"Mbona siku ile zilikuwa zinaniumiza macho?"

Kumbe alijua. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikaendesha.

Kwa Mama Mdogo nikashuka nifungue buti, nimteremshie cherehani. Akanizuia kwa mkoba. "Iache humo humo. Humu ndani nitashonea ya mdogo wangu." Nikauliza kama hatarudi nyumbani. Akasema nyumbani kuna watu wanaopanga chupa juu ya vitu vya watu, acha kwanza afikirie. Halafu akasema, "Siku ya soko usichelewe," akafunga mlango.

Nimerudi peke yangu na cherehani nyuma. Taa zilishuka kidogo, kadiri ya uzito wa Mama, lakini barabara niliiona yote mpaka kwetu. Skrubu sijaigusa.

Amesema mkanda umemfaa, na kwamba anajua ni wa kwenye karakana gani, maana unanuka oili ya mabasi. Amesema barua yako ya kurasa nne anayo, ameihifadhi, na siku ukija utaisoma mwenyewe kwa sauti, yeye akipiga pasi.

Mama anakusalimu. Safari hii ametamka mwenyewe.

Kaka yako,
dereva wa Mama